Punda wa Mama Nkamba

Hapo zamani, enzi ambazo mtu mwenye shilingi mia mfukoni alitembea kifua mbele, palikuwa na mjane huko Usukumani, katika kijiji cha Mwakiluba. Jina lake Nkamba. Mumewe alimwachia shamba la pamba na watoto watatu: Mihayo, kijana wa kwanza, Kabula, binti wa pili, na Shija, kitinda mimba.

Maji ya Mwakiluba yalikuwa mbali. Watoto walikwenda bwawani kwa zamu, lakini msimu wa pamba ukifika mikono yote ilikuwa shambani, na Nkamba hakuwa mtu wa kukaa kivulini akingoja ndoo ya mwenziwe. Alikwenda asubuhi, akarudi mchana. Mwaka huu hivyo, mwaka wa pili hivyo, hata goti lake la kulia likavimba kama boga. Akiulizwa, anasema, "Si kitu, wanangu. Uzee tu."

Kabula ndiye aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Kila alfajiri alimsikia mama yake akilibembeleza lile goti linyooke, kama mtu anayembembeleza mtoto mkaidi.

Sasa, huyu Kabula alikuwa na siri. Siku za gulio alikaanga vitumbua akauza, na kila gulio likiisha, faida aliitia kwenye kibubu cha mbao alichokifukia chini ya kitanda. Alitaka kununua cherehani. Alijiambia: "Nikipata cherehani nitashona. Nikishona nitapata. Nikipata nitamnunulia mama punda wa kubeba maji." Alijiambia hivyo mwaka wa kwanza. Akajiambia hivyo mwaka wa pili. Mwaka wa nne alikuwa bado akijiambia hivyo.

Siku moja akaja mchuuzi wa punda, Mzee Luhende, akiswaga punda watano. Akasimama uani kwa Nkamba, akamgonga mgongoni punda jike mmoja wa kijivu.

"Huyu anabeba madumu manne bila kuguna," akasema. "Taslimu, shilingi mia tatu. Kwa mkopo, mia nne na hamsini, mtalipa pamba ikiuzwa. Msipolipa, namchukua punda na shamba nalima mimi misimu mitatu."

Kibubuni Kabula alikuwa na shilingi mia tatu na mbili. Kila sarafu aliyoitia aliihesabu. Akafungua mdomo. Akaliona cherehani akilini. Akaufunga.

Mihayo akasema, "Mzee, namchukua kwa mkopo."

"Kaka, usifanye hivyo!" Shija akaruka. "Kukopa harusi, kulipa matanga. Mvua ikigoma je? Subiri tupate pesa yetu mkononi ndipo tununue."

"Tusubiri mpaka lini, Shija? Mpaka mama atambae?"

"Mimi nitambebea."

"Una mabega mawili tu, mdogo wangu. Na pamba itavunwa na nani?"

Wakabishana. Mama aliwatazama wote, akilikanda goti lake. Mwisho Mihayo akakubaliana na Luhende mbele ya mashahidi wawili, na punda akabaki.

Nkamba akapumzika. Goti likaanza kunywea. Mihayo akatafuta magurudumu mawili ya zamani akaunda mkokoteni, na jirani wakaja kumtazama yule punda kama bibi harusi. Shija peke yake hakumgusa. Alisema hapandi mgongo wa deni. Yeye aliendelea na mambo yake: kukata nyasi za kuezekea na kuziuza papo kwa papo. Hakukopa, hakukopesha. Alikuwa akikusanya pesa ya baiskeli.

Mwezi wa tatu tangu aje, punda akaugua. Akaacha kula, akawa anakohoa, mbavu zikahesabika. Bwana mifugo akaja, akasema, "Sindano na dawa ni shilingi sitini. Na mimi sikopeshi."

Mihayo hakuwa na kitu. Akamtazama Kabula. Kabula akatazama chini.

Shija akaingia ndani, akatoka na noti, akazihesabia kiganjani mwa bwana mifugo. Kisha akakaa na yule punda siku kumi na mbili, akimlisha pumba kwa mkono na kumpangusa mapovu. Kaka yake alipomwambia, "Ahsante, mdogo wangu," alijibu, "Deni bado ni deni, kaka. Lakini punda hakukopa. Punda hana kosa."

Punda akapona.

Mvua nayo ikagoma, kama Shija alivyohofu. Pamba ikatoka haba. Mihayo alipouza yote alipata shilingi mia na ishirini. Luhende akaja, akahesabu, akatikisa kichwa.

"Bado mia tatu na thelathini. Sitaki ugomvi, mama. Lakini mapatano ni mapatano."

Mihayo, yule mwenye maneno, alikaa chini kwenye vumbi akashika kichwa. Nkamba akachukua ndoo yake ya zamani iliyokuwa imefunikwa pembeni, akaanza kuisafisha. Hakulalamika, hakulia. Aliisafisha tu.

Kabula akashindwa kuvumilia. Akaenda chumbani, akafukua kibubu, akakipasua kwa shoka. Ndani mlikuwa na shilingi mia tatu thelathini na sita. Akahesabu mia tatu na thelathini mbele ya Luhende, sarafu kwa sarafu. Akabaki na sita mkononi, miaka minne ya vitumbua. Luhende akaondoka, na shamba likabaki la Nkamba.

Haukupita mwezi, Nkamba akiwa anang'oa masalia ya pamba shambani, nyoka aina ya kifutu akamuuma mguu. Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu. Wakamlaza kwenye mkokoteni. Mihayo akashika hatamu, Shija akakimbia kando, Kabula akampakata kichwa mama yake. Punda akakazana vilimani kama aliyeelewa. Mganga wa zahanati alipomaliza kumhudumia alisema, "Mngekuja kwa miguu, mngekuja kuchukua cheti cha kifo."

Nkamba akapona, akarudi nyumbani.

Tatizo likaanza Mihayo alipooa. Alitaka kuhamia kwa wakwe zake, kijiji chenye ardhi nyingi, na siku ya kufunga mizigo akamfungua punda.

"Unampeleka wapi?" Shija akauliza.

"Naenda naye. Ni wangu."

Ndipo jirani wakaitwa. Nkamba akawekewa kigoda katikati.

Mihayo akasema, "Mimi ndiye niliyemleta. Nyote mliogopa, mimi nikathubutu. Nisingekopa, punda angekwenda kijiji kingine siku ileile, na leo tungekuwa tunapalilia kaburi la mama. Punda ni wangu."

Shija akasema, "Kaka alimleta, lakini alikuwa anakufa. Nani alitoa pesa yake taslimu? Nani alimlisha kwa mkono? Kaka alinunua punda mzima akamwacha afe. Mimi nilinunua pumzi yake. Na sikumwingiza mtu yeyote hatarini. Punda ni wangu."

Wote wakamgeukia Kabula. Alikuwa ameandaa maneno mazuri: kwamba kaka alikopa lakini yeye ndiye aliyelipa, na kitu ni cha aliyekilipia. Yalikuwa maneno ya kweli. Lakini alipomtazama mama yake, akayaacha.

"Deni nililipa mimi," akasema taratibu. "Cherehani langu limo ndani ya punda huyu. Lakini lipo jambo hamlijui. Siku ile Mzee Luhende alipotaka mia tatu taslimu, mimi nilikuwa nazo. Nikanyamaza."

"Ulikuwa nazo?" Mihayo akasema. "Tumelipa mia moja na hamsini za ziada, shamba karibu litutoke, na wewe unazo chini ya kitanda?"

"Nilikuwa nazo, kaka. Na kama ningezitoa siku ile, nyote mngeniita mwema, na pesa ingekuwa imekwisha, na punda alipougua..." Akakumbuka kwamba hata siku ile ya ugonjwa hakutoa hata senti. "Sijui. Sijui nilikosea au nilihifadhi. Kila siku najiuliza."

Nkamba akanyoosha mkono, akamshika binti yake kifundo cha mkono.

"Wanangu," akasema, "mimi nimebebwa na nyote watatu. Aliyebebwa hapimi mabega. Majirani, amueni ninyi."

Majirani wakaamua? Wapi! Wenye kukopa walimtetea Mihayo. Wenye kulipa taslimu walimtetea Shija. Waliokuwa na vibubu majumbani walikohoa, wakatazama kando. Mpaka ng'ombe wanarudi zizini, kamba ya punda ilikuwa bado mkononi mwa mama.

Haya, nanyi mliokaa mkasikiliza: mmoja alithubutu kwa pesa asiyokuwa nayo, mmoja akatoa aliyokuwa nayo, mmoja akalipa deni ambalo ukimya wake uliliacha lizaliwe. Kamba ile mngemkabidhi nani? Je, nani alistahili punda?