Jezi ya Kalenga na Jezi ya Machano

Palikuwa na tajiri mmoja wa saruji, Bwana Badawi, mwenye maghala manne, tumbo moja la kuheshimika na timu ya mpira iitwayo Radi. Mpira wenyewe alikuwa haujui. Kona aliidhani faulo, na faulo akiishangilia. Lakini timu ilikuwa yake, na mwenye timu hakosei, wenyewe mnajua.

Radi ilikuwa na washambuliaji wawili. Kalenga alinunuliwa kwa fedha za kujengea nyumba mbili, akapokewa kwa matarumbeta. Machano alitoka timu ya mtaani, akasajiliwa kwa jozi ya viatu na gunia la mchele. Jumatatu moja, baada ya mechi iliyokwisha kwa sare, Bwana Badawi akaamka na kisirani. Akataka kila anayekula mshahara wake aje ofisini aseme: kati ya wawili hawa, nani ana thamani zaidi?

Kocha akasema Machano.

"Unatukana pesa zangu!" Kocha akafungashwa virago.

Katibu, mtu mwenye akili zake, akasema Kalenga.

"Mnafiki! Unasema hivyo kwa kuwa nimemnunua mimi!" Katibu akamfuata kocha. Daktari wa timu akasema wako sawa. Huyo alifukuzwa hata kitini hajakaa.

Zamu ikamfikia Bi Siwatu, mfua jezi. Mjane, mwembamba, mdomo haulali njaa kwa kukosa neno. Miaka kumi na mmoja alikuwa akifua jezi za Radi, na chumba alicholala na binti zake kilikuwa nyuma ya klabu hiyohiyo. Kazi ikienda, na chumba kimekwenda. Aliogopa, tusidanganyane. Lakini aliingia, beseni kichwani.

"Nimekuita ujibu, sikukuita ufue," akasema tajiri.

"Najua, tajiri yangu. Ila mimi macho yangu yamezoea kusoma nguo."

Akatoa jezi mbili za mechi ya jana, hazijaguswa sabuni, akazitandaza mezani juu ya stakabadhi za saruji.

"Hii ya nani?"

Bwana Badawi akaisogelea. Nyeupe pee, imenyooka, inanukia marashi.

"Kalenga! Unaona mtu nadhifu?"

"Nadhifu mno. Naona haya hata kuifua. Na hii?"

Hii ilikuwa na matope mpaka kolani. Shingo imelegea, mgongo umechanika mahali pawili, bega moja limefumuka.

"Machano huyo! Mharibifu! Kila wiki ananimalizia jezi!"

"Kila wiki naishona, ni kweli. Lakini tajiri, mtu atajichanaje mgongoni?"

"Si alivutwa na mabeki wa wapinzani!"

"Wangapi?"

"Watatu. Niliwaona kwa macho yangu. Walimng'ang'ania tangu filimbi ya kwanza."

"Na Kalenga alivutwa na wangapi?"

"Hakuna!" Tajiri akatanua kifua. "Wanamheshimu! Dakika tisini hakusogelewa na mtu!"

Bi Siwatu akaikunja ile jezi safi, taratibu, hana haraka.

"Mimi, tajiri, nikianika dagaa uani nakaa na fimbo mkononi. Paka akitokea, namkimbiza mpaka kwa jirani. Mbuzi akipita, namwacha apite. Sasa niambie, hapo ninayemheshimu ni mbuzi?"

Nje ya dirisha, kocha, katibu na daktari, ambao hawakuwa wamekwenda mbali, wakaangua kicheko. Bwana Badawi akaipiga meza, stakabadhi zikaruka.

"Kumbe umejibu! Umesema Machano! Umetukana pesa zangu kama kocha! Toka, na chumba ukihame leo hii!"

"Mimi nimemtaja nani, tajiri? Nimeleta nguo chafu, kazi yangu hiyo. Waliojibu swali lako ni wale mabeki watatu. Kama ni kufukuza, wafukuze wao."

"Nitawafukuzaje," akafoka Bwana Badawi, "na mimi siwalipi mshahara?"

"Basi ndiyo maana, tajiri yangu, wamesema kweli."