Mtu Aliyetembeza Jembe

Mnisamehe mapema, maana mfano huu nitauharibu. Marehemu bibi yangu alipousimulia watu walilia. Mimi nikiusimulia watu hucheka pasipochekesha, na pale penye maana wananiuliza chakula kinaiva saa ngapi. Lakini mmeshaketi ukingoni mwa mfereji wetu, tope halijawakauka miguuni, basi vumilieni.

Mtu mmoja alikuwa na jembe zuri na shamba la mwisho. Aliitwa Senkondo, wa kule milimani Upare, ambako maji hukusanywa bwawani na kushushwa mashambani kwa mfereji mmoja. Kila kaya ina kipande chake cha mfereji, na siku ya msaragambo, yaani kazi ya wote, pembe ikilia kila mtu anaingia kipande chake, anafyeka majani na kuzoa tope. Cha Senkondo kilikuwa cha mwisho kabisa, kinagusa shamba lake. Mwaka ule mvua ilikatika mapema, mahindi yake yakitoa mbelewele. Yasiponyweshwa, wanawe wangebaki kutafuna mabua.

Sasa, Senkondo hakuwa mvivu wa kulala. Mvivu wa kulala huonekana. Yeye alikuwa amegundua kwamba mtu mwenye jembe begani, anayekwenda mbio na uso umekunjwa, haulizwi kitu. Akipanda, watu wa chini walidhani anahitajika juu. Akishuka, wa juu walidhani wa chini wamezidiwa. Alisimama kidogo mbele ya kila mtu, akamwambia hapo ongeza kina, akaguna, akaendelea. Aliyethubutu kumuuliza alijibiwa tu, "Naitwa juu." Mpini wa jembe lake ulikuwa umelainika, ila si pale unaposhikwa. Ni pale unapolala begani. Mkewe Namkunda alimfuata na bakuli la makande mfereji mzima, makande yakapoa yakimtafuta. Na Mzee Mrutu, msimamizi wa mfereji, aliwakemea vijana waliopumzika: mwigeni Senkondo, hata kuketi haketi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba jioni alichoka kweli. Miguu ilimwaka moto, akajilaza akiugulia kama aliyelima kilima peke yake. Namkunda alipouliza habari za kipande chao, alimjibu kwamba chao hakikimbii, kiko hapo mlangoni, atakimaliza akishawasaidia wenzake. Na alikuwa akiamini kila neno.

Siku ya maji ikafika. Siku hiyo, kule, jembe haliingii mferejini hata kwa dawa, kwa sababu ukingo ukiguswa maji yakipita unabomoka wote. Zamu ya Senkondo ilipotangazwa, alisimama shambani mwake, suruali ameikunja hadi magotini, amenawa uso kama bwana harusi. Maji yakaja. Yalipita kipande cha huyu na cha yule, vyote alivyovikagua kwa mguno, yanateremka safi, yanameta. Yakafika kwenye kipande chake, yakakuta majani yamesimama kama walinzi wa benki. Yakajaa, yakazunguka, yakatafuta pa kupita. Kisha yakageukia korongoni, yakaenda kunywesha mawe.

Senkondo aliyatazama mahindi yake, akamtazama Mzee Mrutu, akawatazama majirani waliokusanyika. Mwili wake ukafanya ulichozoea. Alilichukua jembe, akalitupa begani, akakunja uso, akaanza kuupanda mlima mbio. Mzee Mrutu akauliza huyu sasa anakwenda wapi, na hapo Namkunda, ambaye hata siku hiyo alikuwa ameshika bakuli, akasema, "Mwacheni apite, baba. Analitembeza jembe, lisije likauzoea udongo."

Walicheka wote, mpaka Senkondo akawasikia kule juu, na akasimama, na kwa mara ya kwanza akakosa mahali pa kwenda.

Mahindi yalikauka yamesimama. Msimu ule Namkunda alizunguka na kikapu kwa majirani, na kila mlango alioubisha ulikuwa wa mtu aliyewahi kuambiwa na Senkondo aongeze kina. Walimpa. Ndiyo maana mpaka leo kule mlimani huwezi kumsikia mtu akiitwa mvivu. Watasema tu, kwa sauti ya huruma, fulani anatembeza jembe.

Basi niwaulize, ndugu zangu: kati yetu hapa, ni nani anayelitembeza? Msitazamane usoni, uso unadanganya. Tazameni majembe. Nimeyapitia yote yaliyolala hapa ukingoni, na yote yana tope hadi shingoni, isipokuwa moja tu, linang'aa kama limetoka dukani leo.

Hilo naomba mnipitishie. Naitwa juu.