Chungu cha Nyuma kwa Bi Kobe

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majumba yao na jirani akijua kwa harufu jirani yake anapika nini, palikuwa na mahali pa kula huko Ras Mikoko palipoitwa kwa Bi Kobe.

Hapakuwa na mlango wala kibao cha jina. Palikuwa na banda la makuti, mkeka mmoja mpana, mafiga matatu, na Bi Kobe mwenyewe, mpishi asiye na haraka. Alipika kilichopatikana siku ile tu. Maji yakipwa asubuhi akapata kaa wa mikokoni, mchana watu wanakula kaa wa nazi. Akipata pweza, ni pweza. Bahari ikichafuka asipate kitu, wanakula mhogo na mchicha wa nyuma ya banda, na hakuna anayenung'unika, kwa kuwa mhogo umeng'olewa sasa hivi na nazi imekunwa sasa hivi. Kilicholala hakikuingia chunguni mwake.

Wala hakuuza. Kila mlaji alikuja na alichonacho: huyu mzigo wa kuni, yule nazi mbili, mwingine mtungi wa maji, na asiye na kitu alifagia. Kisha wote, wakubwa kwa wadogo, walikaa kwenye mkeka mmoja na kula katika sinia moja.

Ninyi mliozaliwa juzi hamkuyaona hayo. Sange aliyaona.

Sange ni yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Alipokuwa mtoto, kila Ijumaa baba na mama yake walimchukua kwa Bi Kobe. Walipita kwenye mchanga wenye unyevu, mama amejitanda kanga yake ya kutokea, baba amebeba nazi, na yeye katikati akikimbiakimbia. Kabla hawajafika, moshi wa makumbi ulikuja kuwalaki njiani. Aliukumbuka mchuzi wa rangi ya manjano, mkate wa kumimina ulio moto, kachumbari ya embe mbichi iliyowatoa watu machozi huku wakicheka. Aliukumbuka mkono wa baba yake ukivunja gando la kaa kwa jiwe, kisha ukimsogezea nyama yake.

Baba alifariki, miaka ikapita. Sange akawa mtu mzima, akabaki nyumbani na mama yake, Bi Mwanaidi.

Mwaka mmoja, masika yalipokwisha, Bi Mwanaidi akaacha kula. Hakuwa na homa wala kidonda. Akipewa uji anakunywa mafunda mawili, anaweka bakuli chini. Majirani wakasema ni uzee tu, watu wote hufika huko. Sange hakuridhika. Asubuhi moja alikaa karibu na kitanda, akamwuliza mama yake kama kuna chochote duniani anachokitamani.

"Kaa wa nazi wa kwa Bi Kobe," akasema.

Sange akainuka papo hapo, akasema anakwenda kumletea.

"Usinibebee, mwanangu. Chakula kile hakibebwi. Nataka nikae pale mkekani nisikie watu wanazungumza, nichovye mkate wangu kwenye mchuzi wa moto. Tangu baba yako afariki sijakanyaga pale."

Sange akaona heri atangulie peke yake akaangalie mahali pakoje, maana hata yeye alikuwa hajafika kwa miaka mingi. Akachukua nazi moja, akaenda.

Moshi ulimlaki njiani kama zamani. Lakini alipofika bandani akasimama. Mkekani walikuwako watu wawili tu, Kiboko na Fisi. Kiboko amejilaza mkeka mzima, tumbo huku, miguu kule. Fisi ameikumbatia sinia, na taya zake zinakwenda kwachu, kwachu, kwachu, magamba na vyote. Nje juani walikaa Digidigi na wanawe, Kima, Kanga na wifi yake, na kuni zao mapajani, wakitazama.

Sange akaamkia kwa adabu, akaomba kipembe cha kukaa. Fisi hakuinua hata uso. Akamwambia mkeka umejaa, angojee mifupa.

"Kaa hana mifupa, Bwana Fisi," Sange akasema.

"Basi ngojea harufu," Fisi akajibu, na Kiboko akacheka mpaka makuti yakatikisika.

Sange akazunguka nyuma ya banda, akamkuta Bi Kobe ameketi kwenye kibao chake cha mbuzi ya kukunia nazi, mikono imelala. Bi Kobe akamsimulia polepole, kama alivyofanya mambo yake yote. Wale wawili walianza kuja mwaka juzi. Hawaleti kuni wala maji. Siku moja aliwaomba wawangojee wenzao, Kiboko akaenda akakalia chungu kilichokuwa jikoni. Chungu kikasema pwaa, na mchuzi wa watu ishirini ukazama mchangani. Tangu siku hiyo Bi Kobe akanyamaza. Alifikiri kufunga banda, lakini hajui kazi nyingine.

"Ungekuja na mama yako ningefurahi," akasema. "Lakini usimlete aje kuona haya."

Sange akarudi nyumbani kichwa chini. Akamwambia mama yake kwamba leo kaa hawakupatikana.

Bi Mwanaidi akamvuta karibu, akamnusa. "Unanuka tui na kaa, mwanangu. Mimi ni mzee, si mjinga."

Ikabidi aseme yote. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakulaumu. Aligeukia ukutani, akajifunika kanga, akasema basi, hayo yamepita, wayaache. Jioni ile hakunywa hata yale mafunda mawili.

Neno lile "tuyaache" likamkaa Sange kifuani kama mwiba wa samaki. Kupigana na Kiboko hawezi. Hata kufika gotini kwake hafiki. Kumkimbilia mkubwa mwingine amsaidie, ni kuongeza tumbo jingine mkekani. Akawaza, pua ikicheza huku na huku, mpaka akakumbuka jinsi Fisi alivyokuwa akila mchana ule. Alikula huku akipepesa macho kutazama jikoni, kama anayeogopa kuwa kuna kingine kizuri zaidi anafichwa. Hapo Sange akatulia.

Kulipokucha akaenda hadi mtoni kwa Kiboko. Fisi naye alikuwako, amekuja kuzungumza. Sange akapiga magoti.

"Shikamooni, wakubwa wangu. Nimekuja na ombi dogo. Mkishashiba leo kile chungu cha nyuma, mnisazie ukoko."

Wakatazamana. Fisi akauliza chungu gani cha nyuma.

Sange akajiziba mdomo, akajifanya kushtuka. Akasema alidhani wanakijua, watu wa heshima kama wao; basi wamsamehe, yeye ajiendee. Fisi akamkanyaga mkia asiondoke. Kiboko akamwambia aseme, kwa sauti iliyotetemesha maji.

Basi Sange, kama mtu anayeng'olewa jino, akasema. Katika enzi za baba yake, sinia inayotoka mbele ilikuwa ya watu wa kawaida, ya kuwatuliza tu. Chakula chenyewe kilikuwa nyuma, ndani ya chungu kilichofukiwa mchangani: kaa majike wenye mayai, kamba wakubwa kama mkono, tui zito lisilotiwa hata tone la maji. Hicho hupewa wenye hadhi. Na mwenye hadhi hutambulikana vipi? Haigusi sinia ya mbele. Anakaa kando, ametulia, anawaachia wadogo.

"Mbona Kobe hajatuambia?" Kiboko akauliza.

"Hawezi kuwaambia, mzee wangu. Amewaona mnavyoivamia ile ya mbele, akajua ninyi si wa chungu cha nyuma. Hata mkimwuliza atakana. Atakana mara tatu. Amwambie mlafi, kisha chungu kibaki?"

Fisi alimeza mate, gudu. Kiboko akajitazama tumbo lake, na ikaonekana wazi kwamba neno lile "si wa chungu cha nyuma" limemchoma.

Sange akarudi nyumbani mbio. Akamwambia mama yake avae kanga yake ya kutokea. Bi Mwanaidi akauliza wanakwenda kutazama watu wakila? Sange akamwambia avae tu. Wakatoka, mama ameegemea bega la mwanawe, wakipumzika mara tatu njiani. Kwenye mchanga wenye unyevu Bi Mwanaidi alisimama, akaangalia nyayo zake na nyayo za Sange, mistari miwili. Kisha moshi ukaja, akainua pua yake ndefu, akaongeza mwendo.

Siku ile ilikuwa ya kaa. Bandani Sange aliogopa kutazama, lakini akatazama. Kiboko na Fisi wamekaa kando kabisa, nje ya mkeka, migongo wima, mikono magotini, kama wazee wa baraza. Bi Kobe alitoka na sinia, mvuke unapanda. Akaiweka chini mbele ya wale wawili kwa mazoea.

"Wape hao wadogo," Kiboko akasema. "Sisi hatuna njaa."

Bi Kobe alisimama na upawa mkononi, hajui kama amesikia vizuri. Digidigi na wanawe hawakuthubutu kusogea mpaka Sange alipomketisha mama yake mkekani, mahali pazuri, karibu na sinia. Hapo wote wakaja. Kima akaja, Kanga na wifi yake wakaja, mikono ikakutana katikati. Kitambo kidogo ilikuwa ni vidole tu na mkate. Halafu mmoja akasifu embe, mwingine akauliza habari za shamba, na mazungumzo yakaanza kutiririka kama zamani.

Bi Mwanaidi alichovya mkate, akaupeleka mdomoni, akafumba macho. Sange alimtazama usoni.

"Chumvi imepungua kidogo," mama akasema. "Kobe amezeeka." Kisha akachovya tena, na tena, mpaka mchuzi ukamtiririka kidevuni.

Kule kando tumbo la Kiboko lilinguruma gorogorogoro, wana wa Digidigi wakatazama juu wakidhani ni mvua. Mate ya Fisi yalitengeneza kidimbwi kati ya miguu yake. Lakini hakuna aliyenyoosha mkono, kila mmoja akimchunga mwenzake asije akaonekana mlafi wakanyimwa wote wawili.

Sinia ikaisha. Bi Kobe akakomba chungu, akakifudikiza juani kikauke. Wageni wakanawa, wakaaga, wakafagia. Sange akamwinua mama yake, nao wakaondoka. Walipokuwa mbali kidogo, Bi Mwanaidi akataka kujua amewaambia nini wale wakubwa. Sange akamsimulia. Mama akasimama, akashika ubavu, akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini mchangani, na Sange, ambaye hakuwa amekisikia kicheko kile tangu kabla ya masika, akakaa naye.

Bandani Fisi alisubiri, akasubiri, hatimaye akaomba chungu cha nyuma. Bi Kobe akasema hana chungu cha nyuma. Fisi akamkonyeza Kiboko. Wakangoja, wakauliza tena, akakana tena. Mara ya tatu wakauliza kwa upole mwingi, na Bi Kobe akawajibu kuwa chakula kimekwisha na yeye anakwenda kulala usingizi wa alasiri. Wakafurahi sana, maana amekana mara tatu.

Alipoingia ndani wakaenda nyuma ya banda, wakachimba. Walichimba mpaka maji ya chumvi yakatoka. Walipata magamba ya kaa ya mwaka jana, majivu, na mwiko uliovunjika.

Kesho yake wakaja nyumbani kwa Sange, wamevimba kwa hasira, tena hawajala tangu juzi. Aliyetoka mlangoni ni Bi Mwanaidi.

Fisi akafoka kuwa mwanawe ni mwongo, amewanyima chakula.

"Ni kweli, amesema uongo, na nimemkanya," Bi Mwanaidi akasema. "Twende barazani tukamshitaki, wanangu. Ila mtaulizwa sinia ilipokuja mbele yenu, nani aliwashika mikono. Nanyi itawabidi mseme mbele ya watu kwamba mlikuwa mnangoja kizuri zaidi, mle wenyewe kwa siri. Mimi niko tayari. Ngoja nichukue kanga."

Fisi akarudi nyuma hatua mbili. Kiboko aliinamisha kichwa chake kikubwa, akaomba radhi kwa usumbufu, akageuka.

Ijumaa iliyofuata Kiboko alikuja kwa Bi Kobe na gogo la kuni ambalo wengine kumi wasingeweza kulibeba, akaliweka jikoni, akauliza akae wapi. Digidigi akamsogezea nafasi. Fisi hakuja, na mpaka leo huonekana akichimbachimba nyuma ya nyumba za watu. Bi Mwanaidi akala mkekani pale kila Ijumaa mpaka masika mengine, akilalamika juu ya chumvi.

Banda lile sasa halipo, wanangu, na mikoko mingi imekatwa. Lakini lililosemwa pale ni hili: anayetaka sinia iwe yake peke yake huishia kuwatazama wenzake wakila.