Kisima ni Kisima

"Elfu sabini siitoi! Nilikuita unifafanulie utenzi, si kunitukana barazani kwangu, mbele ya wageni wangu."

"Nimekutukana kwa neno gani, bwana mkubwa? Litaje."

Ndugu zangu, waliokuwa wakigombana ni tajiri mmoja na mama mmoja msusi wa mikeka. Mama huyo alijifundisha kusoma peke yake, kwa magazeti ya kufungia vitumbua, mpaka akawa bingwa wa tenzi za kale. Tajiri alimwita asome kwa siku saba, elfu kumi kila siku. Siku sita zilikwenda shwari. Simba anawakilisha nini? Tamaa. Dhoruba je? Ghadhabu. Wageni wakaitikia "Naam!", na tajiri akajitanua kitini utadhani utenzi katunga yeye.

Siku ya saba, kabla ya kusoma, mama alipitia jikoni kuomba maji. Akamkuta mpishi analia. Miezi mitatu hajaona mshahara.

Akarudi barazani, akasoma habari za mfalme mwenye kisima, na mjakazi anayemchotea maji huku mwenyewe kakaukwa na koo.

"Hapo pana fumbo zito," tajiri akasema. "Kisima ni elimu, na kiu ni ya roho. Au siyo?"

Damu ikamchemka mama wa watu. Akafunga kitabu.

"Kisima ni kisima. Kiu ni kiu. Mfalme ni wewe, na mjakazi yuko jikoni kwako."

"Hiyo ni sitiari, mama! Huwezi kuichukua hivyo hivyo!"

"Sitiari haina watoto wa kulisha. Mlipe yeye kwanza, kisha mimi. Sibanduki hapa."

Akaketi mlangoni.

Je, alikosea? Naona mnatikisa vichwa. Mnacheka pale nyuma. Tena tajiri mmeshamjua: huyu anasema ni mwenye duka la saruji, yule anasema ni mwenyekiti. Nikiwauliza anawakilisha nini, mtanijibu vizuri sana: uchoyo, kiburi, dunia. Kila kitu isipokuwa sisi! Hata Maandiko tumeyageuza mafumbo matupu, yasije yakatufikia mifukoni.

Basi leo sina fumbo. Mama anayefuta hayo mabenchi mliyokalia anatudai miezi minne. Yule pale mlangoni na ndoo yake, anangoja tutoke apige deki.

Wimbo wa kufunga hatuimbi. Mlipeni.