Kofia Mbili Kituo cha Maziwa

"Taja jina, kofia atavaa kwao." Bi. Subilaga aliwaambia hivyo vijana wanaojifunza programu kwake, wakacheka, wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Basi chanzo chake ni hiki.

Lugano aliandika kwa lugha ya Java programu ya kupokea maziwa katika kituo cha wafugaji kule Rungwe. Java haikujua kuongea na kipimo cha maziwa, kwa hiyo akaitafutia mkalimani: faili dogo la lugha ya C, akaliita libmaziwa. Kwenye kompyuta yake ya Windows lilifanya kazi bila kinyongo. Kituoni walitumia mfumo mwingine, Linux. Akatengeneza faili la Linux, libmaziwa.so, akaliweka, akawaambia wafugaji waje kesho wala wasiwe na shaka. Majivuno hayo!

Asubuhi madumu arobaini yakapangwa mstari. Programu ikagoma: libmaziwa haionekani.

"Ipo hapa, naiona kwa macho yangu!" Lugano alifoka. Akalinakili faili kwenye folda hii, akalinakili kwenye folda ile. Jua likapanda. Maziwa yasiyopimwa hayaingii kwenye tangi la baridi, naye alilijua hilo.

Mama Tusekile, mpokea maziwa, akamwambia, "Baba, unabishana na mashine bure. Umeiuliza inamtafuta nani?"

Hakuwa ameiuliza. Akaandika mstari mmoja wa kuiamuru itaje jina la faili inalotafuta. Ikajibu: liblibmaziwa.so.

"Lib-lib? Ina kigugumizi?" Mama Tusekile akacheka.

Lugano akashika kichwa. Kwenye Windows Java huongeza mkia tu nyuma ya jina, lakini kwenye Linux huongeza yenyewe "lib" mbele na ".so" nyuma, na yeye alikuwa ametanguliza "lib" yake. Akaifuta kwenye programu, likabaki jina tupu: maziwa. Kipimo kikawaka.

Lakini dumu la kwanza, la Mzee Mwakibete, lilikuwa na maziwa ya jana jioni. Yalikuwa yamekwisha chacha, kipimo kikayakataa. Mzee hakugomba. Aliuliza tu, "Kosa lilikuwa nini, mwanangu?"

Lugano alitamani ardhi ipasuke. Akatafuta maneno yasiyo ya kompyuta. "Nilimtaja mgeni pamoja na kofia, mzee. Kumbe wenyeji wake humvisha ya kwao. Wakawa wanamtafuta mtu mwenye kofia mbili, na aliyekuwepo anayo moja."

Mzee akamwaga maziwa kwenye majani, akalikung'uta dumu.

"Basi siku nyingine, mwanangu, taja jina. Kofia atavaa kwao."