Kikombe Kimoja cha Vuai

Hapo zamani, Sultani wa Shungi alipokuwa na masikio mawili na yote mawili amempa Kadhi wake amtunzie, paliishi katika mji ule mtu fukara jina lake Vuai. Alikuwa na mkeka mmoja, buli moja la kahawa, kikombe kimoja na mke mmoja, Bi Mwanate, ambaye kazi yake ilikuwa kumkumbusha vile vingine vyote visivyokuwapo.

Basi mjini mle haki ilikuwa tele, maana Kadhi aliipenda mno, hata hakuiachia itoke barazani kwake. Yeye ndiye aliyetunga sheria ya kwamba kitu chochote kinachogombaniwa kikae uani kwa Sultani, wala kisitoke mpaka hukumu itolewe. Sheria nzuri ajabu. Mbuzi wa ugomvi aliingia uani akilia mee, hukumu ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena, na ilipotoka wenyewe waliambiwa kuwa haki imepatikana ila mbuzi hakuonekana. Wakaenda zao wakinusa pilau na kumshukuru Kadhi kwa uadilifu wake.

Ikawa watu wakaanza kumpitia Vuai. Yeye hakuwa na elimu ya kuhukumu wala hakujidai kuwa nayo. Aliwakalisha wagomvi kibarazani kwake, akawamiminia kahawa, na kwa kuwa kikombe kilikuwa kimoja, ilibidi huyu anywe funda kisha ampe mwenziwe. Na mtu hawezi kupokeza kikombe cha moto bila kumtazama anayempa. Wakishatazamana, mmoja husema, "Lakini Shali ndugu yangu, mimi na wewe ni watu wa kugombana kwa ajili ya jogoo?" Naye Shali hujibu, "Basi nitamfungia ndani mpaka jua litoke, nawe usimrushie mawe." Vuai huuliza, "Mmesikizana?" Nao huitika, na kahawa ikiisha ugomvi nao umekwisha.

Baraza la Kadhi likawa tupu, na uani kwa Sultani pakakosa hata kuku. Kadhi akaenda mbele ya Sultani huku akilia. "Maulana," akasema, "mashauri yako yanaibwa."

Sultani hakuuliza shauri huibwaje, maana kuuliza ni kazi ya watu wadogo. Akaamuru Vuai aletwe.

"Ndiwe uibaye mashauri yangu?"

"Mimi huwapa watu kahawa tu, maulana."

"Nasikia mji mzima umepatana, hakuna hata mtu mmoja wa kuhukumiwa! Aibu gani hii? Sikiza. Ikifika Ijumaa, kila shauri ulilolitwaa uwe umelirudisha hapa uani kama lilivyokuwa. Usipofanya hivyo, utatoka katika mji huu, wewe na mkeo, wala hamtarudi."

Kadhi akatabasamu, maana alijua kuwa ugomvi uliokwisha haushikiki kwa mkono.

Vuai akarudi kwake. Tusidanganyane, aliogopa sana. Mtoto wake wa pekee alizikwa katika mji ule, na kila Alhamisi yeye na Bi Mwanate walikwenda kupalilia kaburi lake. Wakifukuzwa, nani angelipalilia?

"Wamekutaka ulete nini hasa, mume wangu?" akauliza Bi Mwanate, naye uso umemsawijika.

"Mashauri."

"Uyapeleke wapi?"

"Uani kwa Sultani." Vuai akalitafuna lile neno, kisha akaanza kucheka mpaka mkewe akadhani wazimu umempanda.

Ijumaa asubuhi akapita nyumba kwa nyumba, na wenyewe wakampa alichotaka, maana hakuna aliyekuwa tayari kumpoteza Vuai. Kisha akaingia uani kwa Sultani na msafara wake. Alikuwamo jogoo wa Shali, aliyewika watu wanapoanza tu kusinzia. Alikuwamo punda ambaye akisikia mtu anaimba naye huitikia, na mbuzi wa Bi Rukia aliyekula nguo za majirani kambani. Palikuwa na vikapu vya ng'onda, samaki wakavu ambao harufu yao iliwahi kuuhamisha mtaa. Nyuma ya wote akaja Bi Mwanakheri, mama mkwe, ambaye wakwe zake wawili waligombana nani akae naye, kila mmoja akimsihi mwenziwe aichukue heshima hiyo.

"Nini haya?" Sultani akamaka.

"Mashauri yako, maulana. Sikubakiza hata moja."

Jogoo akakaa chini ya dirisha la Sultani. Punda akaitikia waimbaji wa kasri. Ng'onda zikanukia mpaka kwenye mito ya kulalia. Bi Mwanakheri akaingia jikoni, akauonja mchuzi wa Sultani, akautema, akawatoa wapishi nje.

Ilipofika Alhamisi, Sultani hakustahimili tena. Akamwita Kadhi, macho mekundu. "Hukumu leo hii!"

Kadhi akawaita wagomvi, nao wakaja wameshikana mikono.

"Mnadaiana nini?"

"Hatudaiani kitu, Kadhi. Tulikwisha kunywa kahawa."

"Basi chukueni vitu vyenu mwende zenu!"

"Astaghafirullahi! Vitoke bila hukumu? Tuivunje sheria yako?"

Pasipo mdai hapana hukumu, na pasipo hukumu hakitoki kitu. Kadhi akainamia vitabu vyake atafute upenyo, na alipokuwa ameinama hivyo, mbuzi wa Bi Rukia akamvua kilemba, akakila mpaka ncha ya mwisho.

"Maulana," Kadhi akafoka, "mbuzi huyu yu katika amana yako. Kilemba changu nakidai kwako!"

"Kwangu? Sheria uliitunga wewe!"

Wakapayukiana kama wachuuzi wa samaki. Kadhi hawezi kuhukumu dai lake mwenyewe, wala Sultani hawezi. Ndipo Bi Mwanakheri akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Nyinyi wazima kweli? Si mumwite Vuai!"

Vuai akaja na buli lake. Sultani akaagiza vikombe vya dhahabu, Vuai akasema, "Hiki changu chatosha, maulana." Sultani akanywa funda, akanuna, kisha ikambidi ampokeze Kadhi. Akamtazama. Miaka yote ile hakuwahi kumtazama hasa.

"Kadhi," akasema polepole, "kumbe huna hata unywele mmoja?"

"Sina, maulana. Ziliniisha kwa kufikiri sheria."

Sultani akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kadhi akataka kukasirika, akashindwa, akainamisha kichwa chake kitupu kwa haya. "Nakupa kilemba changu," akasema Sultani, "nawe uifute sheria yako." Kadhi akajibu kwa sauti ndogo kwamba imefutwa.

"Mmesikizana?" akauliza Vuai.

"Tumesikizana."

"Na mimi na mke wangu?"

"Nani wa kuwatoa? Kaeni mpaka mchoke!"

Vyote vikarudi kwa wenyewe isipokuwa Bi Mwanakheri, aliyependezwa na jiko la kasri, na wakwe zake hawakukata rufaa. Vuai akapewa sinia lililojaa vikombe vya dhahabu. Bi Mwanate alivitazama, akavifunga kwa kitambaa, akavitia sandukuni na kufuli juu.

"Mke wangu, walau kimoja tukitumie!"

"Siku watu wa mji huu watakapopata kila mtu kikombe chake," akasema Bi Mwanate, "watarudi kwa Kadhi." Akamkabidhi jembe, maana siku hiyo ilikuwa Alhamisi, wakaenda kupalilia.