Hereni za Gari la Feruzi

Sogeeni. Mwenye maji ya kuteka akateke sasa, maana habari za Kisimachumvi ukizikatiza katikati zinachacha.

Pale Kisimachumvi watu huchota maji ya visima vya chumvi, wakayachemsha kwenye makarai mapana mpaka chumvi ibaki peke yake. Na chumvi ile inakula chuma kama mchwa anavyokula mkeka. Ndiyo maana makoleo yao ni ya mti, makufuli wanayapaka samli, na mwenye baiskeli huifuta kila jioni kama anamfuta mtoto makamasi.

Kijijini hapo walikuwepo watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Bi Mkasi. Huyu kipaji chake ni masikio. Mkinong'ona nyumba ya tatu, yeye anachambua mchele na anawacheka. Walimwita mbea, lakini aliyepotelewa na mbuzi alikwenda kwanza kwa Bi Mkasi.

Wa pili ni Tunu, muuza chai. Huyu kipaji chake ni vidole. Uzi uliojisokota, kufuli lililoshikwa na kutu, kopo la sukari lililoganda, vyote huletwa kwake. Hakazi mkono. Anavibembeleza mpaka vinaachia vyenyewe.

Wa tatu ni Kashindi, mbeba mkaa. Huyu kipaji chake ni kutochoka. Wenzake husukuma baiskeli kupanda mlima wakimtaja Mungu, yeye husukuma akipiga mluzi.

Sasa alikuwepo pia dereva mmoja, Feruzi. Siku aliponunua pikapu kuukuu, mama yake, Bi Hidaya, alimletea zawadi kutoka mjini: vifuniko vya shaba, vile vidogo vya kufunika valvu, pale tairi linapojazwa upepo. Vinang'aa! Vya plastiki vilivyokuja na gari vikatupwa jalalani.

"Gari la mwanangu nalo livae hereni," alisema Bi Hidaya, na watu wakatoka majumbani kwenda kuangalia gari lenye hereni. Kila mmoja wao alikuwa amepaka kufuli lake samli asubuhi hiyo hiyo. Hakuna aliyemwonya kwamba chumvi itazila hereni zile. Kitu kizuri kikishavaliwa, nani atataka kuonekana mwenye kijicho?

Mkewe Feruzi aliitwa Mashavu. Alikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto alikaa upande. Muuguzi wa zahanati alimwambia waziwazi, "Mwanangu, uchungu ukianza usingoje hapa. Nenda hospitali ya wilaya. Hapa tutakupoteza wewe au yeye."

Uchungu ukaanza asubuhi ya siku ya gulio. Tunu alikwisha kupanda nyuma ya pikapu na machupa yake ya chai, anakwenda kuuza. Bi Mkasi naye alikuwa anakwenda kwa binti yake, akakaa mbele ili amshike Mashavu mgongo. Feruzi akamnyooshea kidole.

"Shangazi, nakupakia kwa sharti moja. Usifungue mdomo mpaka tufike. Safari iliyopita uliwahadithia abiria ugomvi wangu na mama mkwe. Leo nikisikia sauti yako, nakushusha porini."

"Nimefunga," alisema Bi Mkasi, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Wakaondoka. Mashavu aliuma kitambaa, akahesabu miti ili asilie. Kila gari liliporuka shimo aliona kama mtoto anageuka na kumpiga teke la ubavu. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: barabara iishe.

Walipofika juu ya mteremko wa Lukoma, pale penye bonde upande mmoja na mwamba upande wa pili, alihisi mkono wa Bi Mkasi unamfinya mgongoni. Akamtazama. Mama wa watu kang'ang'ania kanga kwa meno, macho yamemtoka, jasho linamtiririka. Mashavu alidhani kapatwa na degedege.

Kumbe Bi Mkasi anasikia. Ssss. Chini kabisa, ndani ya mngurumo wa injini. Na anajua akisema atashushwa porini.

"Simamisha gari!"

"Shangazi! Sharti letu!"

"Sharti kaliweke chini ya uvungu wako! Tairi la mbele linavuja, upande wa mkeo! Simamisha!"

Feruzi akakanyaga breki. Waliposhuka, tairi lilikuwa linalala taratibu kama ng'ombe aliyeshiba. Wangeanza kuteremka, lingeishia kwenye kona ya kwanza, na wao bondeni.

Feruzi akashika kichwa. "Ni kosa langu. Asubuhi niliona limepungua upepo. Nikaazima pampu nilijaze, kifuniko kikagoma. Nikakisokota kwa plaizi, shingo ya valvu ikajipinda pamoja nacho. Nikaona haipigi kelele, nikasema twende."

"Ilikuwa inapiga," alisema Bi Mkasi. "Wewe ndiye hukusikia."

Wakaingiza jeki, wakafunga tairi la spea. Jeki iliposhushwa, spea nalo likabonyea kama andazi la juzi. Halikuwa na upepo wa kutosha. Na kifuniko chake, hereni nyingine ya Bi Hidaya, kilikuwa kimeota ukoga mweupe na kijani, kimeshikana na valvu kama vimezaliwa pamoja. Feruzi akainyakua plaizi.

Tunu akampiga kofi mkononi. "We! Ukivunja na hii tutamzalisha mkeo juu ya mawe?"

"Sasa tufanyeje?"

"Ufanye kunyamaza."

Tunu akavuta chupa ya chai, akalowesha kitambaa, akakizungushia kile kifuniko. Kikipoa, anamimina tena. Chupa ya kwanza ikaisha, akafungua nyingine, chai yote ya gulio ikanywewa na mchanga. Mashavu, amelala kitini mlango wazi, alimwona anainama, vidole viwili tu: mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo, nyuma kidogo, huku anakisemesha. "Toka baba. Toka, usiogope. Umekaa sana, toka." Mashavu hakujua kama anasema na kifuniko au na mtoto.

Kikatoka. Valvu nzima, haikupata hata mkwaruzo.

Sasa upepo uko wapi? Feruzi hakuwa na pampu; ile ya kuazima alikwisha kuirudisha. Pampu ya nini, wakati vifuniko havifunguki? Mashavu akapiga ukelele uliowanyamazisha ndege.

Ndipo aliposikika mtu anapiga mluzi. Kashindi huyo, anapandisha mkaa, na kwenye baiskeli kafunga pampu yake ya mkono. Hakuuliza maswali. Akalaza baiskeli, akaanza. Wanaojua wanajua: kujaza tairi la pikapu kwa pampu ya baiskeli ni kama kujaza pipa kwa kijiko. Feruzi akajaribu kumpokea, akaishia kushika kiuno. Kashindi akaendelea. Viganja vikachubuka, pampu ikapata moto, na tairi lilipokaa sawa, ngozi ya ndani ya pampu ikatoa moshi ikafa.

"Nendeni," alisema, akalizungushia viganja shati lake. Kwake kulikuwa bado mbali, na baiskeli ile, yenye tairi za kuvuja, bila pampu haifiki popote.

Wakafika. Mashavu akapasuliwa, mtoto akatolewa, wa kike, analia kwa hasira kama aliyecheleweshwa makusudi. Mama mzima, mtoto mzima.

Sasa sikilizeni desturi ya Kisimachumvi. Mtoto akitolewa nje mara ya kwanza, aliyemfungulia njia ya kuja duniani huwekewa punje ya chumvi mkononi. Yeye huitia katika kiganja cha mtoto na kutamka jina. Ni mtu mmoja, jina moja, na mtu huyo anakuwa mzazi wake wa pili mpaka kaburini. Kwa kawaida ni bibi mzaa baba. Lakini Bi Hidaya alikataa, analia. "Hereni zangu zilitaka kumuua. Mkono huu hautagusa chumvi yake. Mashavu, mwanangu, chagua wewe."

Mashavu akatoka na mtoto, punje ya chumvi mkononi. Watatu wamekaa mkekani.

"Bila sikio langu," alisema Bi Mkasi, "mngekuwa mnafanya matanga, si sherehe. Na mjue nilikatazwa kusema. Nilisema nikijua naachwa porini, na umri wangu huu."

"Ulisema kwa sababu hujawahi kunyamaza," alisema Tunu, watu wakacheka. "Sikio lako lilisimamisha gari. Gari lililosimama halimfikishi mtu hospitali. Mimi nilimwaga chai ya mtaji wangu wote, na valvu ile ingevunjika, huyu pampu yake angepulizia wapi? Puani?"

Wakamgeukia Kashindi. Akakuna kichwa.

"Mimi sina maneno. Ila hawa mama zangu walikuwa ndani ya gari, walikuwa wanajiokoa na wao. Mimi nilikuwa napita tu."

Bi Mkasi akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, safari hii bila kukatazwa na mtu.

Mashavu akawatazama mmoja mmoja. Akakumbuka mkono uliomfinya mgongoni. Akakumbuka sauti ile, toka baba, usiogope. Akakumbuka mluzi unaokuja wakati yeye amekata tamaa. Ukiondoa mmoja, mtoto hayupo. Jua linawaka, punje imeanza kulowa kiganjani mwake, na ikishayeyuka haiongezwi nyingine.

Mtoto amekunjua mkono, anangoja jina.

Haya, nyinyi mliokaa hapo kimya kama hamhusiki: mngekuwa Mashavu, chumvi ile mngempa nani?